Pikapu ya Rimoti: Itunzwe Kwanza au Isetiwe Kwanza? Mjadala wa Bombolulu

Hoja iliyo mbele yetu inasema hivi: pikapu ya rimoti ya mashindano hushinda kwa matunzo kabla ya kushinda kwa kusetiwa. Wako wanaoiunga mkono kwa moyo wote, na wako wanaoona kwamba inawarudisha vijana nyuma.

Pikapu inayozungumziwa si kile kigari cha plastiki kinachouzwa pamoja na betri mbili za tochi. Hii ni mashine ya kipimo cha moja ya kumi, yenye shokomzoba nne za mafuta, difu, klachi, mota ya umeme, na usukani unaozungushwa na mota yake ndogo ya pembeni. Mbio za magari haya kwenye njia za vumbi zilikomaa miaka ya 1980. Kampuni ya Marekani ya Team Associated ilitoa gari lake la RC10 mwaka 1984, na mwaka uliofuata mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya umeme ya njia za vumbi, chini ya shirikisho la IFMAR, yakafanyika California. Mwaka 2008 kampuni ya Traxxas ikatoa Slash, iliyoundwa kwa sura ya pikapu kubwa za mbio za njia za vumbi, na tangu hapo umbo hilo limekuwa mlango wa wengi wanaoingia katika mchezo huu.

Mjadala nimeuweka Bombolulu, mjini Mombasa upande wa Kisauni, kwa sababu ufundi wote ambao pikapu hii inauhitaji uko pale. Kandokando ya barabara ya kwenda Malindi utampata fundi wa pancha na kompresa yake, fundi wa tuktuk, kijana wa kutengeneza simu mwenye mkono mwepesi wa kulehemu, na watu wanaokarabati viti vya magurudumu. Bombolulu yenyewe imejulikana mbali kwa kazi ya mikono: karakana zake, zilizoanzishwa mwaka 1969, zimewapa mafundi wenye ulemavu wa viungo riziki ya vito, nguo, vinyago na bidhaa za ngozi.

Wasemaji ni wanne. Nimewatambulisha kwa kazi zao bila majina, kwa maana ni sauti nilizozipanga ili hoja ipimwe kila upande. Upande wangu, nikiwa mwenyekiti, nitautaja mwishoni.

FUNDI WA TUKTUK, anaunga mkono: Ahsante, Mwenyekiti. Mimi nitaanza na kazi ninayoijua. Kijana ananiletea pikapu, ananiambia, "Ami, inavuta kushoto, nataka kubadilisha springi." Mimi sigusi springi. Nalishika gurudumu la mbele kwa vidole viwili, nalitikisa juu na chini, kisha mbele na nyuma. Likicheza, nalivua. Ndani yake mna beringi mbili ndogo, na kwenye pikapu nyingi za aina hii ni zile za milimita 5 ndani na 11 nje. Naiweka beringi kwenye ncha ya kidole, naizungusha. Nzima inazunguka kimya. Iliyokufa unaisikia kwenye ngozi kabla ya sikio, inakwaruza. Sasa wewe ubadilishe springi ya nini, na gurudumu la kushoto limeshafunga breki lenyewe?

Sisi wa pwani tuna maadui wawili ambao wenzetu wa bara hawawajui sana. Wa kwanza ni vumbi la matumbawe. Ardhi yetu chini ni jiwe la matumbawe, na likisagwa na matairi linatoa unga mweupe mwembamba unaopenya kila upenyo na kula chuma. Wa pili ni chumvi. Kusi ikivuma, hewa yenyewe ina chumvi. Pikapu ukiiweka chini ya kitanda wiki mbili bila kuifuta, skrubu zinaanza kuota kutu. Na yule anayeiendesha ufukweni maji yakipwa, kwenye mchanga ulio na maji ya bahari, huyo ajue beringi zake amezinunua kwa siku moja.

Ukimaliza kuendesha, toa betri kwanza. Kisha chukua brashi laini ya rangi, ondoa vumbi likiwa kavu. Usimwage maji. Nenda kwa fundi wa pancha, umwombe upepo, lakini elekeza mdomo wa mpira pembeni. Upepo wa kompresa ukiuelekeza kwenye beringi, unausukuma ule unga ndani kupita kile kifuniko chake, na hapo umeharibu kwa mkono wako kitu ulichotaka kukilinda. Ukimaliza, tikisa kila gurudumu, kagua kila skrubu iliyoingia kwenye chuma, na pale penye mtetemo mkali tia tone la gundi ya nati, ile ya buluu. Kwenye plastiki usiitie, inaila.

Naongeza ushahidi wa gari kubwa. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953, zilikuwa na miaka miwili ambayo wazee hawaisahau: 1963 na 1968. Kila mwaka kati ya hiyo, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Wenye kasi walikuwa wengi. Waliofika walikuwa saba. Naomba hoja ipite.

KIJANA WA RIMOTI, anapinga: Mwenyekiti, namheshimu Ami, na beringi nimejifunza kwake. Lakini pikapu safi inayopinduka kila kona haijashinda kitu. Unaweza kuifuta mpaka ing'ae, ukaenda uwanjani, ukamaliza wa mwisho.

Pikapu inapotoka kwenye boksi imesetiwa kwa uwanja wa mtu mwingine. Mashindano ya Marekani mara nyingi huwa kwenye udongo ulioshindiliwa, unaomwagiwa maji, ulio na njia laini. Sisi hapa tuna mchanga mwekundu juu, chini yake jiwe gumu, na katikati vijiwe vyenye makali. Ukiiacha kama ilivyotoka kiwandani, chasisi inagonga na tairi halishiki.

Mimi naanza na tairi, kwa sababu tairi ndicho kitu pekee kinachogusa ardhi. Kwenye uwanja mgumu wenye vumbi la juu, nataka meno mafupi yaliyokaribiana. Kwenye mchanga uliolegea, nataka meno marefu yaliyoachana, yachimbe. Tairi hizi hazijazwi upepo, zina sponji ndani, na zimegandishwa kwenye rimu kwa supa glu. Gundi ikiachia upande mmoja, tairi linavimba kwenye mwendo na pikapu inayumba, na mtu atalaumu usukani.

Halafu kimo. Naiinua pikapu kiasi cha shibiri moja na kuiachia idondoke mezani, betri ikiwa ndani. Ikitulia, naangalia mikono ya nyuma inayoshika magurudumu: nataka ikae sawa na meza, isining'inie wala isipande. Kwenye uwanja wenye mawe naiinua kidogo zaidi. Halafu mlalo wa magurudumu: nachukua kipimapembe kutoka kwenye kile kisanduku cha jometri cha shule, nakisimamisha mezani kando ya tairi, na nataka kichwa cha gurudumu kilalie ndani kwa nyuzi moja au mbili. Ya nyuma nayaelekeza ndani mbele kwa nyuzi kama tatu, ili mkia usikimbie nikikanyaga moto.

Ami ametaja Safari. Na mimi naitaja. Yale magari yaliyokuja Kenya miaka ya Safari hayakuja kama yalivyokimbia Ulaya. Yaliinuliwa, yakawekwa vyuma vya kukinga mbele dhidi ya wanyama, yakafungwa bomba la kuvutia hewa juu ili yavuke mito. Huko ndiko kuseti. Gari lililotunzwa vizuri lakini halijui ardhi yake linafika mtoni na kuzama likiwa safi.

FUNDI WA VITI VYA MAGURUDUMU, anaunga mkono: Mwanangu, umesema vizuri, na sitakupinga kuhusu tairi. Mimi nakarabati viti vya magurudumu na baiskeli za magurudumu matatu, na nimeona jambo ambalo nadhani linaingia hapa.

Kiti cha magurudumu lazima kimkae mwenyewe. Urefu wa kiegemeo cha miguu, upana, mahali gurudumu kubwa linapokaa, yote hayo yanapimwa kwa mwili wa mtu. Kwa hiyo sidharau kuseti hata kidogo. Lakini mtu huja kwangu akilalamika bega la kushoto linamuuma, anaomba tusogeze kiti. Nikikagua, naona gurudumu dogo la mbele upande wa kushoto limejaa nywele na uzi kwenye ekseli. Kiti kinavutwa kushoto siku nzima, naye anakirudisha kwa kusukuma zaidi kwa mkono wa kushoto siku nzima. Ningesogeza kiti, ningekuwa nimelificha tatizo, na bega lingeendelea kuuma.

Kwa pikapu yako, mwanangu, nitakuomba kipimo kimoja kabla hujagusa chochote. Vua shokomzoba mbili za mbele, uzitoe springi. Zishike pamoja, zisukume ndani kwa dole gumba kwa nguvu ileile, kisha ziachie. Zinarudi pamoja? Au moja inarudi haraka na nyingine inajivuta? Ukisikia kama mapovu yanachemka ndani, hewa imeingia. Ukiona unyevu unaong'aa kwenye shina, mpira wake umechoka na mafuta yanatoka. Kama kushoto na kulia si sawa, hiyo pikapu ina tabia mbili, moja kwa kona ya kushoto na moja kwa kona ya kulia. Kipimapembe chako hakitaliona hilo.

Kuijaza upya si kazi ngumu. Unaisimamisha wima, unatia mafuta ya silikoni mpaka karibu na mdomo, unapandisha na kushusha shina polepole hadi mapovu yatoke, unaiacha itulie, ndipo unafunga. Polepole, nasema. Anayeharakisha anafungia hewa ndani. Upande wa pili unaufanya vivyo hivyo, mafuta yaleyale, urefu uleule. Usawa wa pande mbili ndio matunzo ninayoyatetea.

MWANAFUNZI WA UMEME, anapinga: Mwenyekiti, shangazi na ami wamezungumza juu ya vitu vinavyoonekana. Mimi nasimama upande wa kupinga kwa sababu naona hoja yenyewe imekata kitu kimoja vipande viwili. Kwenye umeme, kuseti vibaya ndiko kunakoleta uharibifu, na kuseti vizuri ndiyo matunzo ya kwanza.

Tazameni giya. Mota ina giya ndogo kwenye shina lake, nayo inazungusha giya kubwa. Ukiweka giya ndogo yenye meno mengi, unapata mwendo wa juu, lakini mota inabeba mzigo mzito na inapata joto. Ukipunguza meno, unapoteza mwendo wa mwisho, lakini pikapu inachomoka vizuri na mota inapumua. Huku kwetu mchana wa Februari hewa inapita nyuzi 30, na uwanja wenye mchanga ni moto zaidi ya hewa. Mtu akifuata giya aliyoiona kwa mtu wa nchi ya baridi, anapika mota yake. Sumaku za ndani zikipata joto kupita kiasi zinapungua nguvu, na nguvu hiyo hairudi. Mimi nafuata mpaka wa nyuzi 80 kwenye ganda la mota. Nikikaribia hapo, napunguza jino moja. Hapo nimeseti, na hapo hapo nimetunza.

Nafasi kati ya giya mbili nayo ni hivyo hivyo. Nakata ukanda wa karatasi ya daftari, naupitisha kati ya meno, nasukuma mota mpaka meno yaubane, nafunga skrubu, kisha nauzungusha utoke. Ukitoka na mikunjo bila kuchanika, ni sawa. Ukichanika, meno yamebanana, yatapiga kelele na kupata joto. Ukitoka laini, yameachana mno, yatakwanguana na kuliwa. Klachi nayo nailegeza kiasi kwamba nikikanyaga moto ghafla, inateleza kwa kama nusu mita ya kwanza, ndipo inashika. Ikikazwa kabisa, kila ruko linapotua, pigo lote linaenda kwenye giya na shafti.

Na betri. Ya lithiamu yenye seli mbili inaandikwa volti 7.4. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, na haifai kuishusha chini ya 3. Kidhibiti mwendo kina sehemu ya kukata umeme betri ikishuka. Hiyo lazima iwashwe kwa betri ya lithiamu, na huko pia ni kuseti. Betri ya ampea 5 kwa saa ichajiwe kwa ampea 5, si zaidi, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Kama hutaendesha wiki nzima, iache kwenye volti 3.8 hivi kwa seli, usiiache ikiwa imejaa. Ikivimba, kazi yake imekwisha. Usiichaji unapolala, usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, na iwekwe mbali na pazia na godoro, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Hili silisemi ili kushinda mjadala. Nyumba zetu zimesongamana, na moto wa betri ya lithiamu hauzimiki kirahisi.

MWENYEKITI: Wapinzani wamesema kuseti ni matunzo. Fundi, una jibu?

FUNDI WA TUKTUK: Ninalo, na kijana huyu amenifurahisha. Ile karatasi yako, mwanangu, itatoka na mikunjo mizuri hata kama beringi ya giya kubwa imekufa? Utaipima ikiwa imetulia. Ukikanyaga moto, giya inayumba kwenye beringi iliyolegea, na nafasi uliyoipima haipo tena. Umepima vizuri kitu ambacho hakikai mahali pake.

MWANAFUNZI WA UMEME: Hapo umenishika, Ami. Nakubali kwamba giya itikiswe kwanza, ndipo karatasi ipite.

KIJANA WA RIMOTI: Mimi bado. Nauliza swali la muda na pesa. Mchezaji hapa ana saa chache za Jumamosi. Spea zinakuja kwa kifurushi kutoka mbali, na wakati mwingine mwezi unapita. Akitumia Jumamosi yake kufungua shokomzoba na kuosha beringi, ataendesha lini? Na nimeona watu wanaofungua pikapu kila wiki mpaka skrubu zimeliwa. Mwili wa pikapu hizi ni nailoni. Kila ukiingiza na kutoa skrubu, inakwangua njia yake, na mwisho haishiki tena. Huko ni kutunza au kubomoa?

FUNDI WA TUKTUK: Swali la haki hilo. Kufungua kisichoomba kufunguliwa ni kosa. Kukagua si kufungua. Kutikisa magurudumu manne, kusukuma pikapu chini na kuitazama inavyoinuka, kuzungusha giya kwa kidole ukisikiliza, hayo hayahitaji hata bisibisi moja. Unafungua pale mkono ulipokuonyesha shida. Na ukirudisha skrubu kwenye nailoni, izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Hapo haikati njia mpya. Tena ukitumia funguo za aleni zilizolika ncha, unaua vichwa vya skrubu. Nunua ufunguo mmoja mzuri wa milimita 2 kabla hujanunua springi za rangi.

Na nailoni yenyewe, Mwenyekiti, ina jambo la kupendeza. Nailoni hunywa unyevu wa hewa na kuwa laini zaidi. Walio kwenye hewa kavu huchemsha mikono ya pikapu ndani ya sufuria ili isivunjike kama biskuti. Hewa yetu hii hii inayoozesha beringi inaisaidia nailoni. Kwa hiyo ukiona mikono inavunjika kila mara hapa Bombolulu, tafuta sababu nyingine. Tazama shokomzoba, huenda hazizuii kitu na pikapu inatua kwa mifupa.

FUNDI WA VITI VYA MAGURUDUMU: Nami nimuulize kijana. Ukifika uwanjani pikapu ikateleza nyuma, unafanya nini?

KIJANA WA RIMOTI: Naweza kusogeza betri nyuma, uzito ukandamize magurudumu ya nyuma. Naweza kuweka springi laini nyuma. Naweza kulaza shokomzoba zaidi. Naweza kubadilisha tairi.

FUNDI WA VITI VYA MAGURUDUMU: Unafanya lipi?

KIJANA WA RIMOTI: Moja tu. Naanza na betri, kwa sababu haigharimu kitu. Naendesha mizunguko ileile, mwenzangu ananipimia muda kwa simu. Kama haikusaidia, narudisha betri ilipokuwa, ndipo najaribu la pili. Nikibadilisha mawili kwa pamoja sitajua ni lipi lililofanya kazi.

FUNDI WA VITI VYA MAGURUDUMU: Vizuri sana. Sasa niambie: kati ya jaribio la kwanza na la pili, mafuta yakiwa yanavuja kwenye shokomzoba moja, umebadilisha vitu vingapi?

KIJANA WA RIMOTI: Viwili. Kimoja nimekibadilisha mimi, kingine kimejibadilisha chenyewe.

MWANAFUNZI WA UMEME: Na betri ikiwa imeshuka, vitatu. Ndiyo maana kila jaribio lianze na betri iliyochajiwa kiasi kilekile, na mota iliyopoa.

MWENYEKITI: Niingilie hapo, kwa sababu nadhani jibu limeshatoka, na limetoka kwa pande zote mbili.

Nilisema nitataja upande wangu. Naunga mkono hoja, lakini kwa sababu tofauti na ile iliyoandikwa. Walioanza mchezo huu huambiwa watunze pikapu ili isiharibike na isile pesa. Hiyo ni kweli, na ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba matunzo yanaifanya pikapu ya leo iwe ileile ya jana. Kuseti ni kuuliza: nikiinua kimo, nini kitatokea? Nikitia mafuta mazito zaidi kwa sababu jua limeyafanya yaliyomo kuwa mepesi, itatua vizuri zaidi? Jibu la swali hilo lina maana iwapo kila kitu kingine kimekaa kimya. Pikapu yenye beringi mbovu, shokomzoba zisizolingana na skrubu zilizolegea inajibu kila mara jibu jipya, na kijana mwenye akili anaweza kukesha miezi akifuata majibu hayo bila kufika popote. Wengi huacha mchezo hapo, wakidhani hawana kipaji, na kumbe walikuwa wanazungumza na gari linalobadilika kila siku.

Kwa hiyo wapinzani wako sahihi kwamba kuseti ndiko kunakotafuta sekunde, na wanaounga mkono wako sahihi kwamba sekunde hizo hazionekani mpaka gari litulie. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliposhinda Safari mwaka 1965, walikuwa na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika katika mbio kabla haijafika mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi, gari lao alilijua kiungo kwa kiungo, na mashine iliyokwishaonja shida ikazishinda zilizokuja zikinukia upya. Waliliandaa kwa Safari, bila shaka. Lakini walijua wanaandaa kitu gani.

Napendekeza hoja irekebishwe isomeke hivi: pikapu ya rimoti itunzwe mpaka iwe ileile kila Jumamosi, ndipo isetiwe jambo moja kwa wakati. Na iambatane na daftari. Upande wa kushoto wa kila ukurasa paandikwe hali ya gari: beringi, mafuta, skrubu, betri, joto la mota. Upande wa kulia paandikwe badiliko moja na muda wa mizunguko. Upande wa kushoto ukiwa na tatizo, upande wa kulia uachwe wazi siku hiyo, pikapu iende kwa fundi.

Kura?

FUNDI WA TUKTUK: Naunga mkono. Na kijana asiogope kuja kibandani kwangu kwa sababu gari lake ni dogo. Beringi ni beringi.

FUNDI WA VITI VYA MAGURUDUMU: Naunga mkono, kwa sharti kwamba na wasichana waletwe. Mikono ya kujaza shokomzoba bila kufungia hewa haina uvulana.

MWANAFUNZI WA UMEME: Naunga mkono hoja iliyorekebishwa. Na naomba sheria za betri ziandikwe kwenye jalada la daftari, mahali ambapo mzazi ataziona.

KIJANA WA RIMOTI: Nilikuja kupinga. Hoja ya kwanza bado naipinga, kwa sababu ilikuwa inaweza kumfanya mtu afute pikapu mwaka mzima bila kujifunza kuendesha. Hii ya pili naikubali, na naongeza desturi moja ya mbio hizi kokote zinakofanyika: dereva akimaliza raundi yake, haendi kukaa kivulini. Anaingia uwanjani kusimama konani na kuinua pikapu za wenzake zinapopinduka. Ukisimama pale unaona kwa karibu jinsi pikapu nzima inavyokata kona na jinsi mbovu inavyokata. Nimejifunza kuseti zaidi nikiwa nimesimama konani kuliko nikiwa na rimoti mkononi.

MWENYEKITI: Hoja imepita ikiwa imerekebishwa, na nyongeza tatu zimekubaliwa. Kilichobaki ni kwa wazazi na mafundi wa Bombolulu. Mtoto anayejua kwa nini gurudumu linavuta kushoto, anayebadilisha jambo moja na kuandika matokeo, ameshaanza kazi ya fundi na ya mhandisi kwa pamoja, na hakuhitaji kuvuka Daraja la Nyali kuitafuta. Mafundi wako kando ya barabara anayopita kila siku akienda shule. Wamfungulie kibanda, nao wazazi wamruhusu aingie akiwa na daftari lake.